Barua zenu: Kama hakuna polisi wa dunia, hiyo ni sheria gani?

Toleo lililopita niligusa kidogo tu lile deni la Uganda kwa Congo, fidia ya vita tuliyoamriwa na mahakama ya kimataifa, mistari kama sita hivi, na barua zilizokuja zimenishtua kwa wingi, nyingine za karatasi, nyingine WhatsApp, nyingine mmetuma sauti na nimezisikiliza zote hadi mwisho. Wengi mnaanza kwa kuomba radhi kwamba nyinyi si mawakili. Msiombe radhi. Hii sheria ya kimataifa inagusa samaki mnaouza mpakani na mafuta mnayotia kwenye boda, na asiyeijua anabaki kungoja kuambiwa na wengine. Nimechukua barua saba. Zile za mto Nile zinataka nafasi yake peke yake, nimeziweka kando.

*Shikamoo mwalimu. Mimi nasoma uhasibu Makerere, mwaka wa pili, semesta hii tumepewa somo la uhusiano wa kimataifa na ndani yake kuna hii sheria ya kimataifa. Mhadhiri anasema ni sheria kama sheria nyingine. Mi naona nchi kubwa zinafanya zinachotaka, polisi hakuna, jela ya kufunga nchi hakuna. Sasa hiyo ni sheria au ni maombi? Na mtihani uko karibu.* — Mwanafunzi, Wandegeya

Marahaba mwanangu. Swali lako ni zuri sana, usiliache hata baada ya mtihani. Tuanze na kitu unachokijua. Mama yako au shangazi yako yuko kwenye kikundi cha akiba, sivyo? Hakuna polisi aliyemkamata akamwingiza. Aliingia mwenyewe, akakubali kila Jumapili atatoa elfu kumi, akakubali akichelewa atatozwa faini, na siku zamu ya mwingine kupokea imefika hawezi kusema zile kanuni hazimhusu. Mataifa nayo yako karibu hivyo hivyo. Hakuna bunge la dunia linalokaa mahali na kutunga sheria za kuwashushia wengine, nchi zenyewe ndizo zinatunga kwa kukubaliana, na ikishakubali imejifunga. Shika hilo neno kukubali, maana utaliona tena na tena kwenye barua zinazofuata.

Kuhusu polisi, angalia Entebbe. Ndege inaondoka pale kwenda Dubai inapita juu ya nchi za watu, rubani anaongea na minara ya nchi ambazo hatashuka, na mambo yanaenda, kwa sababu kuna mkataba wa usafiri wa anga uliosainiwa Chicago mwaka 1944 na kila nchi inataka ndege zake nazo zipite. Hakuna gazeti linaloandika kwamba leo ndege zote zimepita salama. Ikitunguliwa moja ndio tunasikia neno sheria ya kimataifa, basi tunadhani kazi yake ni kuvunjwa tu.

Ila sitakuficha. Umoja wa Mataifa una wanachama 193, na Baraza la Usalama lina nchi 15, na kati ya hizo tano, yaani Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa, kila moja inaweza kuzuia azimio peke yake hata wengine 14 wakikubali. Hiyo inaniuma na inapaswa ikuume na wewe. Lakini Uganda pia kuna watu wanaua na hawakamatwi na hakuna anayesema basi mauaji yameruhusiwa. Mtu kuvunja sheria na sheria kutokuwepo ni mambo mawili.

Kwa mtihani sasa, soma kifungu cha 38 cha sheria iliyounda Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ndicho wahadhiri wote wanakipenda. Kinataja mahali ambapo majaji wanachota sheria: mikataba, desturi za mataifa, kanuni za jumla ambazo mataifa yote yanazitambua, halafu kama msaada tu hukumu za mahakama na maandishi ya wataalamu wakubwa. Wanafunzi wengi wanaanguka kwenye desturi. Fikiria hivi. Ukienda kumtembelea mtu Buganda unabeba sukari au mkate, ni adabu, usipobeba utasemwa kidogo mlangoni na yataisha. Lakini kukiwa na msiba na wewe ni jirani, unatoa mabugo, yaani mchango wa rambirambi, na kila mtu pale anajua unapaswa kutoa, na asiyetoa anajua moyoni kwamba amekosa. Desturi ya mataifa ni kama mabugo, si kama sukari: nchi zinafanya kitu kwa muda, na zinafanya zikiamini zinalazimika. Vitu viwili. Ukiandika kimoja tu kwenye karatasi yako unapoteza maksi.

Na mkataba kusainiwa bado si mwisho. Kusaini ni kama posa, kuridhia ndio ndoa yenyewe. Hapa kwetu Rais au aliyetumwa naye ndiye anafunga mikataba, kifungu cha 123 cha Katiba, na Bunge linatunga sheria ya namna ya kuridhia. Na hata ukiridhiwa, jaji wa Kampala kwa kawaida anangoja Bunge litunge sheria ya nyumbani ya kuuingiza. Mkataba wa Roma wa mahakama ya jinai Uganda iliuridhia Juni 2002, sheria ya kuuingiza nyumbani ikaja 2010, miaka minane! Lakini huko nje nchi haiwezi kujitetea kwa kusema samahani bunge letu lilichelewa, Mkataba wa Vienna wa 1969, ule unaohusu mikataba yenyewe, kifungu cha 27 umekataa udhuru huo wazi kabisa.

Jambo la mwisho kwako, maana mhadhiri mkali atakuuliza: je, kila kitu kinategemea kukubali? Hapana. Kuna makatazo ambayo hakuna nchi inayoweza kusema mimi sikukubali, wala nchi mbili haziwezi kuandikiana mkataba wa kuyavunja. Mauaji ya kimbari, utumwa, utesaji. Hapo kukubali hakuulizwi.

*Mwalimu, sisi huku Mpondwe tunauza samaki na sabuni ng'ambo, Wakongo ni jirani, tunaoana nao. Sasa nasikia kodi yetu inalipa Congo dola milioni 325. Nani alituhukumu na kwa nini tulikubali? ADF wanatuua sisi kutoka huko huko, na bado tunalipa sisi? Na Rwanda mbona hawalipi, kwani hawakuwa huko?* — Mama mfanyabiashara, Kasese

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara tatu. Najua unaandika kutoka wapi, Juni 2023 shule ya Lhubiriha iko hapo hapo kwenu, wanafunzi walichomwa na kukatwa usiku na hao waasi wa ADF, na sitaki jibu langu lisomeke kama mtu anayedharau hilo.

Aliyetuhukumu ni Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ICJ, iko The Hague, Uholanzi, majaji 15 na kila mmoja anachaguliwa kwa miaka tisa. Mmoja wao ni dada yetu Julia Sebutinde, aliyeingia 2012, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kukaa pale. Mahakama hiyo haishtaki watu, inasikiliza nchi kwa nchi, na haiwezi kuiburuza nchi ambayo haikukubali. Sasa sisi tulikubali lini? Tarehe 3 Oktoba 1963. Uhuru ulikuwa bado haujatimiza mwaka, na Uganda ikapeleka tamko kwamba inakubali mamlaka ya mahakama ile mbele ya nchi yoyote nyingine iliyokubali vile vile. Congo ikapeleka lake 1989, wakati huo ikiitwa Zaire. Karatasi mbili zimekaa kimya miaka yote, halafu tarehe 23 Juni 1999 Congo ikafungua kesi tatu siku moja, dhidi ya Uganda, Rwanda na Burundi.

Uganda ilijitetea kwa mambo mawili makubwa. Kwanza kwamba Congo yenyewe iliruhusu jeshi letu kuingia kupambana na waasi. Mahakama ikasema ndiyo, ruhusa ilikuwepo, lakini kufikia Agosti 1998 Congo ilikuwa imeiondoa, na mgeni aliyeambiwa atoke akabaki si mgeni tena. Pili kujilinda dhidi ya ADF. Hapa ndipo penye uchungu wako. Mahakama haikusema ADF hawakuua Waganda. Ilisema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba serikali ya Congo ndiyo iko nyuma ya yale mashambulizi, na zaidi ya hapo, kuteka viwanja vya ndege na miji iliyo mamia ya kilomita kutoka mpakani hakulingani na kulinda mpaka. Kisangani iko mbali na Bwera dada, unajua mwenyewe.

Hukumu ikatoka tarehe 19 Desemba 2005. Uganda ilivunja katazo la kutumia nguvu dhidi ya nchi nyingine, ilikalia kijeshi eneo la Ituri, kule Congo, na haikulinda watu wa pale kama mkaliaji anavyopaswa, na askari wetu walipora mali asili. Juu ya uporaji mahakama ilisema hakuna ushahidi kwamba ilikuwa sera ya serikali, lakini askari akivaa sare ya nchi, anachofanya kinaandikwa kwa jina la nchi. Na ushahidi mwingine ulitoka kwetu wenyewe, ile tume ya Jaji Porter iliyoundwa hapa Kampala kuchunguza uporaji huo, majaji waliitegemea sana. Congo nayo ilipatikana na hatia kwa kushambulia ubalozi wetu Kinshasa na kuwatesa wanadiplomasia wetu, watu wengi hilo hawalijui.

Halafu nchi zikaambiwa zikae zielewane juu ya fidia. Hazikuelewana. Congo ikarudi mahakamani 2015, ikataka zaidi ya dola bilioni 11, na tarehe 9 Februari 2022 mahakama ikatoa milioni 325: milioni 225 kwa watu waliouawa, kuumizwa, kubakwa, kufukuzwa makwao, milioni 40 kwa mali, milioni 60 kwa mali asili. Zilipwe mara tano, milioni 65 kila tarehe 1 Septemba kuanzia 2022 hadi 2026, na ukichelewa kuna riba ya asilimia 6. Awamu ya kwanza ililipwa 2022 hiyo hiyo. Kwa hiyo ndiyo, inatoka hazina, inatoka kwa kodi yako.

Rwanda je? Rwanda haikuwahi kupeleka tamko kama letu la 1963. Ile kesi ya kwanza Congo iliiondoa yenyewe, ikajaribu tena 2002 kwa njia ya mikataba mingine, na Februari 2006 mahakama ikasema haina mamlaka ya kuisikiliza. Haikusema Rwanda ni safi. Ilisema tu mlango umefungwa. Mimi naona ni udhaifu mkubwa wa mfumo huu, mwenye kukubali kuhukumiwa analipa na asiyekubali anakaa nje, lakini sioni aibu kwamba nchi yetu ilikuwa upande wa waliokubali.

Angalia pia hili maana ni la kwenu kabisa. Toka mwisho wa Novemba 2021 UPDF, jeshi letu, wako tena Congo kupambana na ADF, ile operesheni Shujaa. Msitu ule ule, adui yule yule. Tofauti na 1998 ni kwamba safari hii serikali ya Congo imekubali. Kwa sheria ya kimataifa hiyo tofauti ndiyo kila kitu, na siku Congo itasema imetosha, inabidi watoke.

*Eti ni kweli ubalozi wa Marekani pale Nsambya ni ardhi ya Marekani? Tumebishana sana stejini.* — Mtu wa boda, Kabalagala

Si kweli, waambie stejini. Ile ni ardhi ya Uganda. Ila Mkataba wa Vienna wa 1961, ule wa mambo ya kidiplomasia, unasema nchi mwenyeji haiwezi kuingia ndani ya ubalozi bila ruhusa ya mkuu wake, na inapaswa kuulinda. Mtoto akizaliwa mle ndani hajawa Mmarekani kwa sababu ya kuzaliwa mle. Na mwanadiplomasia akifanya kosa kubwa hapa, polisi hawamfungi, serikali inamtangaza hatakiwi na anaondoka, au nchi yake yenyewe imvue kinga.

*Boss, mi dereva wa lori, Mombasa Kampala, kontena na wakati mwingine mafuta. Nakaa Malaba foleni siku tatu, siku nne. Swali langu ni moja, sisi hatuna bahari. Kenya siku moja wakiamka waseme bandari ni yetu, msipite, tuna haki gani au tunapita kwa huruma yao tu?* — Dereva, Malaba

Ndugu dereva, hampiti kwa huruma. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao Uganda iliuridhia Novemba 1990 ingawa hatuna hata kipande cha pwani, kifungu cha 125 kinasema nchi isiyo na bahari ina haki ya kufika baharini na kurudi, na ina uhuru wa kupitisha mizigo kwenye nchi iliyo katikati. Kifungu cha 127 kinaongeza kwamba mzigo unaopita tu hautozwi ushuru wa forodha, zinalipwa gharama za huduma basi. Kwa hiyo ile sili kwenye kontena lako, ile ya kuonyesha mzigo ni wa Uganda na haukufunguliwa njiani, nyuma yake kuna sheria nzito kabisa.

Lakini soma hadi mwisho wa kile kifungu cha 125. Kinasema masharti ya kupita yatapangwa kwa makubaliano kati ya nchi zenyewe, na nchi ya kupitia inabaki na haki ya kulinda maslahi yake halali. Hapo ndipo foleni yako inaishi. Haki ya kupita iko, ila lini, kwa barabara gani, kwa mizani ngapi na karatasi ngapi, hayo yanajadiliwa, na ndiyo maana kuna makubaliano ya Ukanda wa Kaskazini, ile njia ya mizigo ya kutoka Mombasa, na mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Na haki ya kwenye karatasi haiondoi mawe barabarani. Januari 2008 Kenya ilipowaka baada ya uchaguzi, reli iling'olewa pale Kibera na mafuta Kampala yakawa ya kutafuta kwa tochi. Hakuna serikali iliyotufungia, ni vurugu tu, lakini tuliona shingo yetu iko wapi.

Mfano mwingine unaufahamu, Gatuna, kwenye mpaka wetu na Rwanda. Rwanda ilifunga Februari 2019, ikafungua tena mwisho wa Januari 2022. Karibu miaka mitatu na watu wa Kabale walizama kwenye madeni. Sheria ya soko la pamoja ilikuwepo muda wote huo. Kilichofungua mpaka ni mazungumzo ya wakubwa. Kwenye mambo ya jirani kwa jirani mara nyingi sheria inakuwa kama fimbo iliyosimamishwa pembeni wakati watu wanaongea, haiinuliwi lakini kila mtu anaiona, na mimi ningependa iinuliwe mapema zaidi kwa ajili ya wale wa Kabale.

*Mwalimu, kaka yangu alitekwa na LRA tukiwa watoto na hakurudi mpaka leo. Ongwen naye alitekwa akiwa mtoto anaenda shule. Kwa nini yule aliyetekwa ndiye amefungwa na Kony bado yuko porini? Na hii mahakama ndiyo ile ya deni la Congo?* — Mama, Gulu

Mama, pole sana. Hakuna jibu la sheria litakalomrudisha kaka yako, na nakushukuru umeuliza hata hivyo.

Nianze na lililo jepesi. Ni mahakama mbili tofauti ingawa ziko mji mmoja. Ile ya deni ni ya nchi dhidi ya nchi. Iliyomfunga Ongwen, yule kamanda wa LRA, waasi wa Kony, ni Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, na hiyo inashtaki mtu mmoja mmoja kwa jina lake, mauaji ya kimbari, makosa dhidi ya ubinadamu, makosa ya kivita, na uchokozi wa nchi kwa nchi, hili la mwisho maneno yake yalikubaliwa hapa hapa Kampala mwaka 2010. ICC inaweza kuangalia tu yaliyotokea kuanzia tarehe 1 Julai 2002. Yale mengi mliyoyapata kabla ya hapo, miaka ya tisini yote, kwao hayapo, na najua huko Acholi watu hawajalisamehe hilo. Uganda yenyewe ndiyo iliyopeleka faili mwishoni mwa 2003, na hati za kukamatwa zikatoka 2005 kwa watu watano, Kony na Ongwen wakiwemo.

Ongwen alikutwa na hatia Februari 2021 kwa makosa 61, mashambulizi ya kambi za Pajule, Odek, Lukodi na Abok, na mambo waliyofanyiwa wasichana ambayo sitayaandika hapa. Mawakili wake walisema kile ulichosema wewe, kwamba alitekwa mtoto, akili yake iliharibiwa. Majaji walikataa kwamba hilo linafuta kosa, kwa sababu makosa aliyoshtakiwa aliyafanya akiwa mtu mzima, kamanda, na walisema alikuwa na nafasi ya kuchagua. Lakini kwenye kupanga adhabu walilihesabu. Wangeweza kumpa kifungo cha maisha, wakampa miaka 25, na walisema wazi utoto wake ulipima kwenye mizani. Rufaa ilikataliwa Desemba 2022 na anatumikia kifungo Norway. Kwa hiyo sheria iliangalia mara mbili: kwanza alifanya au hakufanya, halafu ni nani huyu aliyefanya. Mimi sijui mama kama hiyo inatosha. Nimeongea na watu wa Lukodi wanaosema inatosha na wengine wanaosema mtoto wa mtu aliyetekwa hawezi kuwa mhalifu kamili, na wote walipoteza watu.

Kuhusu Kony, ICC haina askari wa kumfuata. Inategemea nchi zimkamate, ni lile lile jambo la kukubali, nchi zikilegea mahakama inabaki na karatasi. Septemba 2025 walisikiliza mashtaka yake bila yeye kuwepo, mara ya kwanza kufanya hivyo, na Novemba wakayathibitisha. Kesi yenyewe haiwezi kuendelea mpaka awepo.

Na kuna fidia. Februari 2024 majaji waliamua zaidi ya euro milioni 52 kwa waathirika wa Ongwen, kila mmoja euro 750 za ishara pamoja na miradi ya pamoja ya matibabu na ushauri. Ongwen hana pesa, kwa hiyo mfuko wa waathirika unaomba michango kwa nchi. Inaenda polepole. Kama familia yenu ilikuwa kwenye moja ya zile kambi nne ulizia orodha kwa viongozi wa kijiji, usingoje kuitwa.

*Jambo mwalimu. Miye natoka Rutshuru, niko Nakivale na watoto. Watu wanasema serikali ikichoka itatupandisha kwenye lori iturudishe. Wanaweza?* — Mama mkimbizi, Isingiro

Jambo mama. Kukurudisha kwa nguvu mahali ambapo maisha yako yako hatarini, hawawezi kisheria. Kifungu cha 33 cha mkataba wa wakimbizi wa 1951 kinakataza, na ule wa Afrika wa 1969 unakwenda mbali zaidi, unasema hata aliyekimbia vita na fujo kwa ujumla ni mkimbizi, si lazima uthibitishe kwamba ulikuwa unatafutwa wewe kwa jina. Uganda imeyaingiza hayo kwenye Sheria ya Wakimbizi ya 2006. Kurudi kwa hiari yako ni sawa, kwa lori la usiku si sawa. Tunza kadi yako ya mkimbizi, na watoto wote waandikwe. Ukiona majina yanakusanywa na huelewi ya nini, nenda ofisi ya kambi uulize kabla hujaweka kidole.

*Mimi ni mtu wa kawaida, niko Kapchorwa. Nimesoma majibu yako ya nyuma na naona kila mahali ni nchi, nchi, nchi. Serikali ikinionea na mahakama za hapa zisinisaidie, mimi naenda wapi?* — Msomaji, Kapchorwa

Umeuliza ambalo nilitaka mtu aulize. ICJ huendi, ni ya nchi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iko Arusha na Uganda iliridhia itifaki yake, lakini kuna tamko la ziada la kuruhusu raia wafungue kesi wenyewe na Uganda haijalitoa, kwa hiyo mlango huo kwako umefungwa. Tume ya Afrika iliyoko Banjul inapokea malalamiko ya raia, ila inataka kwanza umalize ngazi zote za mahakama za nyumbani.

Ulio wazi zaidi ni Mahakama ya Afrika Mashariki, hiyo nayo iko Arusha. Kifungu cha 30 cha mkataba wa Jumuiya kinamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kupinga sheria au kitendo cha serikali kinachovunja mkataba, na mahakama hiyo haikulazimishi umalize kwanza mahakama za hapa. Novemba 2005 watu wenye silaha waliizingira Mahakama Kuu Kampala ili washtakiwa waliopewa dhamana wasitoke, na wale washtakiwa wakaenda Arusha. Serikali ilisema mahakama hiyo si ya haki za binadamu, na ni kweli haijapewa kazi hiyo kwa jina. Majaji wakajibu kwamba hawatakimbia kazi yao ya kufasiri mkataba kwa sababu tu ndani ya malalamiko kuna haki za binadamu, na Novemba 2007 wakasema Uganda ilivunja utawala wa sheria. Kwa hiyo ukiandika, usiandike tu nimeonewa. Andika kwamba kitendo kile kimevunja kifungu cha 6 na cha 7 cha mkataba, vile vya utawala bora na utawala wa sheria.

Sasa sikiliza hili kwa makini. Una miezi miwili tu, kuanzia siku kitendo kilipofanyika au siku ulipokijua. Ng'ambo ya mlima wenu, upande wa Kenya, watu waliteswa na kuuawa Mlima Elgon kati ya 2006 na 2008, na shirika moja likapeleka kesi yao Arusha. Waliomba ionekane ni uvunjaji unaoendelea, ngazi ya kwanza ikakubali kuwasikiliza, halafu 2012 ngazi ya rufaa ikahesabu miezi na kuitupa kesi, bila hata kufika kwenye swali la nani aliteswa. Kama jambo lako lina wiki tatu, tafuta wakili wiki hii.